UZI: Kunde zina vinundu tele lakini majani manjano. Bakteria wa pakiti wameshindwa na wenyeji?

KondeLaKinongo

Assalaam alaykum wana jukwaa. Naomba wenye ujuzi wa bakteria wa udongo.

Konde la kunde, robo eka, udongo wa kinongo (wenye chokaa ya matumbawe), Unguja kati, msimu wa Vuli. Nusu ya mistari mbegu zimepakwa unga wa bakteria wa pakiti (Bradyrhizobium, unga mweusi wa mboji, tarehe haijapita). Nusu hazikupakwa kitu. Leo siku ya 42, maua yameanza. Mizizi ya pande zote mbili ina vinundu (vivimbe wanamokaa bakteria wanaoulisha mmea naitrojeni ya hewa) 40 hadi 60 kwa mche, vingi vidogo kama punje ya mtama, vimetawanyika mpaka kwenye vijizizi vya pembeni. Ukivipasua, vingi ni vyeupe au kijivu. Majani yanageuka manjano kuanzia chini. Baina ya mistari iliyopakwa na isiyopakwa tofauti sioni. TSP (mbolea ya fosforasi) ilitiwa kiganja kwenye kila shimo pamoja na mbegu.

Suala: pakiti ilikuwa imekufa, au bakteria wa kondeni ndio wametangulia?

---

Maalim wa Vinundu

Wa alaykum salaam. Jibu la nusu unalo mwenyewe: mistari isiyopakwa nayo ina vinundu 40 hadi 60. Basi bakteria wa kunde wamo kondeni, tena si haba. Kunde si mteuzi. Kunde, choroko, njugu nyasa, njugu mawe, mbaazi, fiwi, hata upupu na marejea, wote hupokea kundi pana lilelile la Bradyrhizobium. Upupu ukiota kwenye kiambo miaka mitatu, bakteria hao wanalishwa miaka mitatu bila ya wewe kupanda kitu.

Sasa tazama mbio zenyewe zinavyokwenda. Mzizi unapochomoza hutoa kemikali iitwayo flavonoidi. Bakteria akiionja, jeni zake za nod (za kuanzisha kinundu) huamka naye akatoa kiashiria chake, mnyororo mfupi wa sukari za jamii ya kitini wenye mkia wa mafuta. Mzizi ukikitambua, kinyweleo hujikunja, bakteria anabanwa kwenye mkunjo, kisha anachimba uzi wa kupenyea mpaka ndani. Njugu nyasa ndiyo tofauti: huko huingia kwenye mpasuko pale kijizizi cha pembeni kinapotokeza, hahitaji kinyweleo kujikunja.

Mambo mawili huamua mshindi. La kwanza, kinyweleo hupenyeka kikiwa kichanga tu, nyuma kidogo ya ncha ya mzizi, na kwa saa chache. Ncha inasonga mbele, mlango unafungwa nyuma yake. La pili, vinundu vya mwanzo vikishika, mmea wenyewe huzuia vingine. Kwenye soya imechunguzwa vizuri: ujumbe unapanda kutoka mzizini hadi majani, amri ya kuzuia inashuka. Anayefika siku ya tano anakuta nafasi zimeshagawiwa.

Na bakteria hatembei. Bila ya maji yanayopita udongoni husogea milimita, kwa bahati sentimita moja au mbili. Wenyeji wako wapo kila mahala mzizi utakapopita. Wako wa pakiti wapo juu ya ganda la mbegu. Ndiyo maana ukichimba mara nyingi unakuta wa pakiti wamechukua vinundu vya shingo ya mzizi, na kwengine kote ni wenyeji.

---

Mpemba_Mkavu

Maalim, usimhukumu bakteria kabla hujaupima udongo. Mie naona makosa matatu kwenye maelezo haya, na hakuna hata moja linalohitaji darubini.

TSP kiganja pamoja na mbegu. Chembe ya TSP ikiyeyuka, maji yanayoizunguka yana uchachu chini ya pH 3. Bakteria aliyepakwa kwenye mbegu na kulazwa juu ya chembe hiyo hafiki kesho. Weka TSP sentimita 5 pembeni na 5 chini ya mbegu, fukia, ndipo utie mbegu.

Pili, rangi ya manjano. Inaanza majani ya chini, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Ingelianza majani machanga ya juu, mishipa ikabaki kijani, ni chuma, na kwenye ardhi yenye chokaa ya matumbawe hiyo ni kawaida, hasa njugu nyasa. Watu wanachanganya hizi mbili kila siku. Kinundu chenyewe kinahitaji chuma kingi kwa leghemoglobini, ile protini inayokipa kinundu kinachofanya kazi rangi ya pinki, ya damu ya samaki. Molibdeni sahau kwenye kinongo na uwanda (ardhi ya mawe ya matumbawe). Hiyo hukosekana udongo wenye uchachu.

Tatu, kinundu cheupe siku ya 42 si uchanga. Kichanga kingekuwa cheupe siku ya 15. Kijani au kahawia ni kilichozeeka au mmea umekinyima chakula. Pasua 20 kwa mche, si vitatu, tena anza na vikubwa vya shingoni. Na hukusema kama kuna samadi. Naitrati nyingi ya samadi mbichi au yurea hufunga vinundu hata bakteria wakiwa malaika.

---

KondeLaKinongo

Samadi hakuna. Nimepasua 20 kwa miche 5 ya mistari iliyopakwa, jumla 100: pinki 18, vilivyobaki vyeupe au kijivu. Vile 18 karibu vyote viko ndani ya sentimita 3 za shingo. Mistari isiyopakwa pinki ni 15 kwa 100.

---

Maalim wa Vinundu

Mpemba yuko sawa kuhusu TSP, na hilo peke yake linatosha kuua pakiti nzuri. Lakini 15 dhidi ya 18 inasema jambo jengine pia: wenyeji wengi wa hapo wanajua kuingia, kazi hawaijui.

Hapo ndipo watu wanaposhangaa. Mlangoni mmea haumjui mchapakazi. Unachotambua ni kiashiria cha nod. Uwezo wa kugeuza naitrojeni ya hewa ni jeni nyengine kabisa, zinaanza kazi kinundu kikishajengwa. Bakteria anaweza kuwa na ufunguo mzuri na mikono mitupu. Baadaye mmea huadhibu: Kiers na wenzake mwaka 2003 walivizungushia vinundu vya soya hewa ya agoni na oksijeni badala ya naitrojeni, na bakteria wa ndani wakazaliana kiasi cha nusu tu ya wenzao. Mmea ulikibania kinundu kisicholeta kitu. Lakini adhabu inakuja nyumba imeshajengwa, sukari imeshatoka, na idadi ya vinundu imeshafungwa. Mkulima hapati kitu kwenye hukumu hiyo.

Ipo mimea inayochagua mlangoni, ndiyo. Soya yenye jeni Rj4 humkatalia Bradyrhizobium elkanii wa ukoo wa USDA 61, yenye Rj2 humkatalia ukoo wa USDA 122. Kwa kunde zetu usitegemee.

---

Jembe la Uwanda

Sasa mtu atajuaje wenyeji ni wangapi? Kila anayeuza pakiti anasema "tia tu". Kuna namna ya kuhesabu bila ya kupeleka udongo Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA)?

---

BiAga

Ipo, na ni ya zamani: unahesabu kwa kutumia mmea wenyewe. Bakteria mmoja aliye hai akimfikia mche safi, kinundu kinatoka. Unapunguza udongo mara kumi kumi mpaka vinundu vikome. Nitaandika kwa urefu kwa sababu watu hukwama kwenye vitu vidogo.

*Mchanga.* Usitumie mchanga wa pwani. Ule mweupe wa Paje na Jambiani ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Unapandisha pH, unafunga chuma na fosforasi, mche unageuka manjano kabla hata hujaanza. Chukua mchanga wa kuchimba ndani. Ukamulie ndimu: ukitoa povu, si wako. Usiotoa povu uoshe mpaka maji yatoke meupe.

*Chupa.* Chupa ya maji ya lita 1.5, ikate katikati. Sehemu ya juu igeuze kichwa chini, pitisha utambi wa pamba shingoni, jaza mchanga. Sehemu ya chini tia maji ya chakula yasiyo na naitrojeni: fosfeti ya potasiamu, salfeti ya magnesiamu, kloridi ya kalsiamu, chuma, na madini madogo kidogo. Funika pembeni kwa karatasi ya fedha, la sivyo mwani utaota. Mchanga pamoja na chupa ya plastiki haviingii kwenye sufuria ya presha. Chemsha mchanga peke yake kwa presha saa 1, chupa zioshe kwa jiki kisha maji yaliyochemshwa.

*Mbegu.* Choroko inafaa, ni ndogo. Siratro (jamii ya kunde ya malisho) inafaa zaidi kama unaipata. Alkoholi ya asilimia 95 sekunde 10, jiki ya asilimia 3.5 dakika 3, suuza mara 6 kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Otesha kwenye karatasi safi yenye unyevu, hamisha kimzizi kikifika sentimita 1.

*Udongo.* Chukua sehemu 10 hadi 15 za konde, kina sentimita 0 hadi 15, changanya. Usiuanike juani! Gramu 10 kwenye mililita 90 za maji safi, tikisa dakika 20. Hiyo ni hatua ya 1. Toa mililita 1, tia kwenye mililita 9, hatua ya 2. Endelea mpaka hatua ya 6. Kila hatua bomba la sindano jipya. Hapa ndipo wengi wanaharibu, wanabeba bakteria wa hatua ya 2 mpaka ya 5 kwa bomba moja. Kila hatua miche 4, kila mche mililita 1. Weka na miche 6 isiyotiwa kitu, uitawanye katikati ya mengine, usiiweke kona yake.

*Kusoma.* Siku ya 21 hadi 28. Swali ni moja: kuna kinundu au hakuna. Idadi ya vinundu haina maana hapa. Mche mmoja tu kati ya ile 6 ukitoa kinundu, tupa jaribio lote.

Tuseme umepata 4, 4, 4, 2, 0, 0. Kwenye hatua ya 4 nusu ya miche imepata. Nusu maana yake wastani wa bakteria 0.69 kwa kila mililita, na mililita hiyo ina gramu 0.0001 ya udongo. Gawanya: karibu 6,900 kwa gramu. Majedwali yanahesabu hatua zote pamoja na yatakupa kama 6,000. Kwa miche 4 usijidanganye na usahihi: ukweli unaweza kuwa popote baina ya 1,600 na 23,000. Kwa uamuzi wa kondeni inatosha kabisa.

---

MchangaMweupe

BiAga, maji ya bomba yafaa? Yana klorini.

---

BiAga

Yakichemshwa dakika 10 bila ya kifuniko, yafaa. Kwa kupaka mbegu, yaache wazi kwenye beseni usiku mmoja. Kisima cha karibu na pwani yaonje kwanza. Yakiwa na munyu tumia ya mvua.

---

Maalim wa Vinundu

Ahsante BiAga, sasa tuna nambari ya kufanyia kazi. Twende na hiyo 6,000.

Weaver na Frederick mwaka 1974 walionyesha kwa soya kwamba ili bakteria uliowatia wapate nusu ya vinundu au zaidi, unahitaji angalau mara 1,000 ya idadi iliyomo kwenye gramu moja ya udongo. 6,000 mara 1,000 ni milioni 6 kwa kila mbegu.

Una nini? Pakiti nzuri ina bakteria bilioni 1 kwa gramu. Unapaka gramu 10 kwa kilo. Kilo ya kunde ina mbegu kama 6,700. Bilioni 10 gawa kwa 6,700 unapata milioni 1.5 kwa mbegu. Hiyo ni dakika ya kwanza, kwenye kivuli. Mbegu ikikaa nusu siku kwenye mfuko wa plastiki juani, kufa tisa kati ya kumi si ajabu, unabaki na 150,000. Unahitaji milioni 6. Basi hata bila ya kosa la TSP, mistari yako ilikuwa ikicheza ugenini na wachezaji wachache.

Konde lenye wenyeji 50 kwa gramu ni hesabu nyengine: unahitaji 50,000 tu, unao. Ila hapo kuna mtego. Thies, Singleton na Bohlool walifanya majaribio Hawaii, wakachapisha 1991: wenyeji wakiwa chini ya 10 kwa gramu, kutia bakteria kunalipa sana, wakifika hata 50, faida inaweza kutoweka kabisa *ikiwa wenyeji hao ni wachapakazi*. Wa kwako ni wengi na si wachapakazi, ndiyo hali mbaya kuliko zote.

---

Mpemba_Mkavu

Na hilo la "si wachapakazi" bado hujalithibitisha, Maalim. Rangi ya kinundu ni dalili. Ushahidi ni yurea.

KondeLaKinongo, Masika ijayo fanya hivi. Vipande vya mita 4 kwa 5, yaani mita za mraba 20. Aina tatu: bila kitu, bakteria, yurea. Rudia mara 4, jumla vipande 12, njia ya mita 1 baina yao na mtaro mdogo ili maji ya mvua yasihamishe bakteria kutoka kipande hadi kipande. Vyote vipate TSP gramu 200 kwa kipande, ambayo ni kilo 40 kwa eka. Kipande cha yurea kipate gramu 435 jumla, nusu wiki ya 2, nusu wiki ya 5. Hiyo ni sawa na kilo 100 za naitrojeni kwa hekta. Fukia yurea! Kwenye udongo wa chokaa ukiiacha juu inaondoka na upepo kama amonia, kisha utasema kunde hazina haja ya naitrojeni.

Panda visivyopakwa kwanza, vya bakteria mwisho. Mkono na jembe ni wachafuzi wakubwa.

Kusoma kwake:
– Yurea imeshinda, bakteria sawa na bila kitu: wenyeji wavivu wameshika nafasi, au pakiti imekufa.
– Yurea na bila kitu sawa: naitrojeni si tatizo, wenyeji wanatosha au kuna njaa nyengine (fosforasi, chuma, maji). Usinunue pakiti.
– Bakteria imekaribia yurea: umeshinda, endelea.

---

Jembe la Uwanda

Fosforasi ya Minjingu (mwamba wa fosfeti uliosagwa) badala ya TSP? Bei yake ni nzuri.

---

Mpemba_Mkavu

Kwenye uwanda na kinongo, hapana. Ule ni mwamba uliosagwa, huyeyushwa na uchachu wa udongo. Kwenye ardhi ya matumbawe unakaa kama changarawe. Mchanga wenye uchachu wa upande wa mikarafuu, hapo ndiyo.

---

MchangaMweupe

Turudi kwenye mbio. Kama tatizo ni mahala na idadi, kwa nini watu wang'ang'anie mbegu? Bakteria watiwe kwenye mfereji. Pakiti ikorogwe na maji, imwagwe chini ya mbegu sentimita 2 hadi 3, mzizi uwapitie.

Kipimo: mstari wa mita 100, lita 5 za maji, gramu 20 za unga uliochujwa kwa kitambaa. Kopo la kumwagilia lisiwe limebeba dawa ya magugu wala ya wadudu. Mwaga, tia mbegu, fukia papo hapo. Jua la saa 5 asubuhi kwenye mfereji wazi ni kaburi.

Kwa nambari: gramu 20 ni bilioni 20 kwa mita 100, milioni 200 kwa mita, na kwa nafasi ya sentimita 20 ni milioni 40 kwa mche. Umevuka ile milioni 6 ya Maalim, hata ukipoteza theluthi mbili.

---

Maalim wa Vinundu

Hesabu nzuri, ila kumbuka hao milioni 40 wametawanyika sentimita 20 za mfereji, hawajakaa kwenye mbegu moja. Hata hivyo ni bora, kwa sababu wako njiani. Gharama sasa: mistari ya sentimita 50, eka moja ina mita kama 8,000 za mstari. Gramu 20 kwa mita 100 ni kilo 1.6 za unga kwa eka. Kwa kupaka mbegu ungetumia gramu 80 kwa kilo 8. Mara ishirini. Kwa robo eka vumilia, kwa eka kumi piga hesabu ya soko kwanza.

Anayebaki na kupaka mbegu asipoteze kidogo alicho nacho. Gundi ya mgunga au sukari, vijiko 2 vya mezani kwenye mililita 300 za maji ya vuguvugu, acha yapoe. Kwa kilo 1 ya mbegu mililita 20 hadi 30 tu, mbegu zing'are zisilowe. Tia unga gramu 10, geuza mpaka kila mbegu iwe na koti jeusi. Kivulini. Panda ndani ya saa chache, udongo ukiwa na unyevu. Mbegu iliyotiwa dawa ya ukungu, hasa yenye shaba, usiipake. Mfereji ndiyo njia yake. Chokaa ya kuchoma ya matumbawe isiguse mbegu kamwe, na kama unaitia kwenye mchanga wenye uchachu iwe wiki 3 kabla.

---

KondeLaKinongo

Na soya? Kuna watu wanataka kuijaribu, wanasema huko pakiti haishindwi.

---

Maalim wa Vinundu

Kwa soya wamesema kweli kwa sehemu. Bakteria wake halisi, B. japonicum na B. diazoefficiens, si wa ardhi ya Afrika, hivyo mara ya kwanza wa pakiti anaingia karibu peke yake. Ndiyo sababu ya IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo kule Nigeria, kuzalisha aina za TGx zinazokubali Bradyrhizobium wenyeji, ili mkulima asiye na pakiti asikose vinundu. Ukipanda TGx, mbio zinarudi palepale, kwa sababu umefungua mlango kwa wenyeji.

Na ugenini nako huisha. Marekani, majimbo ya Midwest, walitia bakteria wa soya miaka na miaka. Kundi la USDA 123 likajikita udongoni, na mpaka leo pale lilipo, koo bora zaidi zikiletwa na pakiti mara nyingi huambulia asilimia 5 hadi 10 ya vinundu.

---

BiAga

Kuna baya kuliko hilo. Australia walipeleka kunde ya malisho iitwayo biserrula mwaka 1994 pamoja na bakteria wake, Mesorhizobium. Baada ya miaka 6 wakakuta kwenye vinundu bakteria wengine kabisa. Bakteria wa udongo ule, ambao hapo kwanza hawakuweza kuingia mmea huo, walikuwa wamepokea kipande kizima cha jeni za nod na za naitrojeni kutoka kwa mgeni. Baadhi yao wanaingia vizuri na hawafanyi kazi. New Zealand uhamisho kama huo ulionekana kwenye lotus, ukachapishwa 1995. Yaani mgeni anaweza kumpa mwenyeji ufunguo.

Kwa hiyo kwenye kunde na choroko mie napendelea njia ya kinyume: tafuta mchapakazi miongoni mwa wenyeji. Ameshazoea chokaa, joto na kiangazi cha hapa.

Tafuta mche wa kijani kibichi katikati ya manjano. Chimba duara la sentimita 15, kina 20, usivute. Chagua kinundu kikubwa chenye pinki. Alkoholi sekunde 10, jiki dakika 3, suuza mara 6; tone la maji ya mwisho lipake kwenye sahani, likiota kitu hukusafisha. Ponda kinundu, chora kwenye aga (rojo la kuoteshea bakteria): kwa lita 1, manitoli gramu 10, dondoo la hamira 0.5, K₂HPO₄ 0.5, salfeti ya magnesiamu 0.2, chumvi safi 0.1, aga 15, pH 6.8, dakika 15 kwa nyuzi 121. Ongeza rangi ya kongo nyekundu mililita 10 za asilimia 0.25. Nyuzi 28. Bradyrhizobium hutoka siku ya 7 hadi 10, vidogo, vyeupe. Kilichotoka kesho yake au kilichokunywa wekundu ni mdokozi, kiache.

Kisha mrudishe kwenye choroko ndani ya chupa, umlinganishe na mche usio na kitu na mche wenye naitrojeni, wiki 5. Anayekaribia kijani cha naitrojeni ndiye mchapakazi.

Hapo wengi wanasimama, na hapo ndipo kosa lilipo. Mshindi wa mchanga safi si mshindi wa kinongo. Mtie kwenye chungu chenye udongo wa kondeni usiochemshwa, kisha uone amepata vinundu vingapi. Kumtambua unahitaji maabara: jeni ya alama iitwayo gusA inayogeuza kinundu buluu, au BOX-PCR, yaani alama za vidole za DNA yake. Mukishindanisha wawili, wape uwiano wa 1 kwa 1, 10 kwa 1 na 1 kwa 10, chora logi ya uwiano wa vinundu dhidi ya logi ya uwiano wa bakteria kama walivyofanya Amarger na Lobreau 1982. Mstari unapokata sufuri unaonyesha nani ana nguvu, bila ya kudanganywa na wingi. Vinundu vyenye wakaazi wawili vihesabu pande zote mbili, vipo.

---

Jembe la Uwanda

Tuseme kapatikana, kapandwa, kashinda. Mwakani yumo au kaondoka?

---

Mpemba_Mkavu

Pima. Panda kipande kilekile bila ya kutia kitu, uangalie vinundu vya pinki ni vingapi. Kiangazi kikali juu ya uwanda hupunguza sana tabaka la juu, kwa hiyo udongo ufunikwe majani. Na akiba yake ni mizizi: vinundu vikioza vinamwaga bakteria hapohapo walipo. Mwenye tabia ya kung'oa kunde na mizizi yake, akaenda kupuria uani na kuchoma taka, amewatoa kondeni washindi wake na kuwaachia wenyeji udongo.

---

KondeLaKinongo

Kumbe. Huku kunde za mwisho tunazing'oa kwa mkono.

---

Mpemba_Mkavu

Kata kwa kisu, juu ya udongo.